Upasuaji wa Kwenda na Kurudi: Tuulize Nini Kabla ya Kisu?

(Haya ni mazungumzo ya muuguzi mstaafu wa chumba cha upasuaji, aliyoyatoa hapa Garissa mbele ya wahudumu wa afya wa vijijini, akina mama na wazee. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema. Baadhi ya maswali yaliyoulizwa yako mwishoni.)

 

Nimeombwa niseme juu ya upasuaji ule ambao mtu huenda asubuhi na kurudi kwake jioni. Huku kwetu tunauita upasuaji mdogo. Ni kutahiri watoto, kupasua jipu, kutoa uvimbe, kung'oa jino, kushona kidonda, kutoa mtoto wa jicho. Siku hizi hata ngiri na busha, kuna hospitali ambazo mgonjwa halazwi. Mimi nimefanya kazi thieta miaka mingi, na hilo neno "mdogo" ndilo linaloniogopesha. Kisu ni kile kile na damu ni ile ile. Kilicho kidogo ni ule muda ambao mganga anakuangalia.

Neno langu la leo ni moja tu. Operesheni haiishi mgonjwa anapotoka mlangoni, inaisha kidonda kinapopona. Kwa hivyo kabla hujakubali kisu, uliza: usiku wa leo nikitoka damu, nani ataniona?

MTOTO WA BARABARA YA DADAAB

Mnisamehe nianze na kosa langu mwenyewe. Ilikuwa likizo ya Desemba, miaka mingi iliyopita. Nilikuwa bado kijana, nafanya kazi katika kliniki moja ambayo sitaitaja. Mzee mmoja alileta wanawe wawili kutahiriwa, mmoja wa miaka 9, mwingine wa 7. Alitoka upande wa Dadaab, karibu kilomita 100 kutoka hapa mjini.

Kazi ilikwenda vizuri. Saa tisa alasiri mzee akasema kuna lori linaondoka. Nikampa Panadol, nikamwandikia karatasi kwa Kiingereza, nikamweleza kwa Kiswahili changu cha haraka haraka: "Wakitoka damu warudishe." Mzee akajibu, "Haya, haya." Nikafurahi kwamba ameelewa. Kumbe yule mzee hakujua Kiswahili kupita lile "haya".

Usiku ule yule mdogo akatoka damu. Haikuruka, ilidondoka tu, tone baada ya tone. Kwa kuwa sikuwaambia damu kiasi gani ni nyingi, walifunga kitambaa juu ya kitambaa wakingoja ikome. Gari la kuwarudisha likapatikana kesho yake. Walipofika, mtoto alikuwa mweupe midomo na viganja, hata kulia hawezi. Aliongezwa damu, akalazwa siku nyingi, akapona. Namshukuru Mungu mpaka leo.

Siku ya tatu mama yake akafika. Alituuliza kwa mkalimani swali moja: "Mbona mimi hamkuniuliza?" Kumbe ndugu yake, yaani mjomba wa mtoto, alitoka damu siku nne alipong'olewa jino. Uko ugonjwa wa damu kutoganda, huitwa hemofilia. Kwa kawaida hupitia kwa mama na kuwapata watoto wa kiume, na mmoja anaweza kuupata na ndugu yake akaukosa. Swali moja kwa mama lingetosha kutuonya. Sisi tulimwuliza baba, tena tulimwuliza juu ya malipo tu.

Hapo kisu hakikukosea, wenzangu. Tulikosea kabla ya kisu na baada ya kisu.

BAHATI MBAYA AU UZEMBE?

Lazima tuwe waadilifu. Si kila baya linalompata mgonjwa ni kosa la mganga. Kidonda kinaweza kuota usaha hata kama kila mtu alinawa mikono na vyombo vilikuwa safi. Dawa inaweza kumdhuru mtu ambaye hajawahi kudhurika nayo. Hiyo ni hatari ya kazi, na mgonjwa anapaswa kuelezwa mapema.

Uzembe ni jambo lingine. Ni pale mganga anapoacha kufanya lile ambalo mwenzake mwenye ujuzi wa kawaida angelifanya, na mgonjwa akaumia kwa sababu hiyo. Mfano: kidonda kuota usaha siku ya tano kinaweza kuwa bahati mbaya. Lakini mama anapopiga simu kusema mtoto ana homa na kidonda kinanuka, naye akaambiwa "mpe tu Panadol, mlete wiki ijayo", huo sasa ni uzembe.

NANI ANASHIKA KISU?

Huku kwetu kila mwenye koti jeupe anaitwa daktari. Anaweza kuwa daktari kweli, au afisa wa kliniki, au muuguzi, au kijana anayeuza dawa dukani. Wote tunawasalimia sawa, lakini ruhusa zao si sawa. Kila mmoja ana baraza lake linalomwandikisha na kumpa leseni, na leseni hiyo hufanywa upya. Kliniki nayo ina leseni yake, na inatakiwa kubandikwa ukutani watu waione. Kuitazama si utovu wa adabu.

Sisemi haya kwa kuogofya. Mwaka 2015 Wakenya walistuka kusikia juu ya mtu wa Githurai, karibu na Nairobi, aliyekuwa akiwatibu wanawake kama daktari bingwa na hakuwa daktari. Mwezi wa Oktoba 2024, huko huko Nairobi, mwanamke mmoja alifanyiwa upasuaji wa kupunguza mafuta katika kliniki ya urembo. Alipata matatizo baadaye, akapelekwa hospitali kubwa, akafariki. Baraza la Madaktari likaifunga kliniki hiyo. Ikiwa mambo hayo yanatokea mahali penye hospitali kila mtaa, je, sisi?

Na sisi tuna shida yetu ya ziada. Baada ya mashambulizi ya Mandera mwaka 2014 na ya Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015, wafanyakazi wengi wa afya waliotoka sehemu nyingine za nchi waliondoka. Pengo likiwa kubwa, asiyesomea huingia na mkasi wake. Tusimlaumu mtu kwa kumtafuta aliye karibu, lakini tujue tunamtafuta nani.

GANZI, MIZANI NA MAZIWA YA NGAMIA

Watu huogopa kisu na kusahau sindano. Dawa ya ganzi, lignokeini, hupimwa kwa uzito wa mgonjwa. Ikizidi huleta degedege, na inaweza kusimamisha moyo. Kwa hivyo mtoto asiyewekwa kwenye mizani, dozi yake ni ya kubahatisha. Tena iko ganzi iliyochanganywa na adrenalini ili kupunguza damu. Tulifundishwa tusiitumie wakati wa kutahiri, maana inabana mishipa na inaweza kuua nyama. Chupa zinafanana. Anayefanya kazi kwa haraka, bila kusoma maandishi ya chupa, ndiye anayekosea.

Kama ni nusukaputi ya kulala kabisa, mgonjwa asile kwa saa 6 kabla. Bibi humhurumia mjukuu akampa kikombe cha maziwa ya ngamia alfajiri, akisema maziwa si chakula. Hapa yanahesabiwa kama chakula! Mtoto akitapika akiwa hana fahamu, yale maziwa yanaweza kuingia mapafuni. Msiwafiche waganga. Semeni, "amekunywa", operesheni ingoje.

Vyombo navyo. Mkasi uliomwagiwa spiriti si mkasi uliosafishwa. Vyombo vya upasuaji hupitishwa kwenye mashine ya mvuke wa nguvu, kwa kila mgonjwa. Mkiwapeleka watoto kumi siku moja na mkaona seti moja tu ya vyombo kwenye beseni, rudini nyumbani. Na muulize kama mtoto amepata chanjo ya pepopunda.

KUTAJA JINA NA MAHALI

Mwaka 2018, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, mgonjwa alipasuliwa kichwa kumbe aliyehitaji kupasuliwa ni mwingine. Vitambulisho vyao vilichanganywa. Wapasuaji waligundua wakiwa ndani kwamba hakuna damu iliyoganda waliyoitafuta. Ikiwa hospitali kubwa hivyo inaweza kukosea, basi kwenye kambi ya macho yenye wazee themanini, wengi wakiitwa Mohamed au Abdi, tusione aibu kuuliza mara mbili.

Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kukagua mwaka 2008. Ina mambo 19, na timu husimama mara tatu: kabla ya nusukaputi, kabla ya kukata, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Wanataja kwa sauti jina lake, operesheni gani, upande upi, dawa gani inamdhuru. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, na moja ilikuwa ya St. Francis kule Ifakara, Tanzania, hospitali ya misheni ya wilayani. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo vilipungua kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100, na matatizo makubwa kutoka 11 hadi 7. Hawakujenga jumba jipya kupata matokeo hayo, walisimama na kuulizana. Nanyi mkimpeleka mzee kutolewa mtoto wa jicho, mwambieni mganga wazi: "Ni jicho la kulia." Aweke alama mkiwa mnaona.

KARATASI YA KUKUBALI

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema mgonjwa aelezwe hali yake, matibabu yaliyopo, faida, hatari na gharama, na pia kwamba ana haki ya kukataa. Tena, inapowezekana, aelezwe kwa lugha anayoielewa. Hapa kwetu hiyo ni Kisomali, Kiborana, Kiorma, Kipokomo au Kiswahili. Dole gumba lililobandikwa kwenye karatasi ya Kiingereza halijathibitisha kwamba mtu ameelezwa.

Nyinyi wahudumu mtakaokuwa wakalimani, fanyeni hivi. Ukishamweleza mzazi, usimwulize "umeelewa?" kwa sababu atasema "haya, haya". Mwambie, "Sasa hebu nieleze wewe, usiku ukiona nini utarudi?" Akikosea, mweleze tena. Kama ningalifanya hivyo siku ile ya Desemba, yule mtoto asingalikauka damu.

BAADA YA KISU, KABLA YA LORI

Sasa nafika kwenye kiini. Kanuni ya kawaida ya upasuaji wa kwenda na kurudi ni kwamba aliyepewa nusukaputi awe na mtu mzima wa kukaa naye saa 24, na awe mahali anapoweza kurudi hospitalini kwa muda kama wa saa moja. Kanuni hiyo imeandikwa na watu wenye lami na ambulansi. Sisi kutoka hapa mpaka Nairobi ni kama kilomita 370, na vijiji vyetu vingine vinafikiwa na gari mara moja kwa wiki. Mwezi wa Novemba 2023 mafuriko yalikata barabara hapo Madogo, watu wakavuka kwa mashua. Kwa hivyo mganga anayemwambia mgonjwa wa Modogashe "nenda nyumbani, ukiona shida rudi" hajatoa maagizo. Amejitoa lawama tu.

Hospitali iulize: utalala wapi leo? Kama ni mbali, alazwe usiku mmoja au alale kwa jamaa mjini. Na nyinyi jamaa wa mjini, mfungueni mlango. Godoro moja sebuleni linaweza kuokoa mtoto.

Hizi ndizo dalili za kurudi bila kungoja asubuhi:

1. Bendeji imelowa damu yote, au damu inaendelea kudondoka baada ya kubana kwa mkono dakika 10 bila kuachia.
2. Aliyetahiriwa hajakojoa tangu asubuhi, au kichwa cha uume kinageuka rangi ya buluu au nyeusi.
3. Homa, kidonda kunuka, wekundu unaosambaa.
4. Aliyetolewa mtoto wa jicho anaona maumivu yakiongezeka au mwanga ukipungua. Hapa msingoje hata siku moja. Uchafu ukiingia ndani, jicho linaweza kupotea kwa siku mbili.
5. Usingizi usioamshika, kutapika kusikokoma, au kupumua kwa shida.

Msipake majivu, samadi wala dawa ya meno. Msimpe aspirini, kwa kuwa inazidisha kutoka damu. Na msiongeze kitambaa juu ya kitambaa. Ondoeni, tazameni, baneni, halafu mtafute gari.

KISU KISICHO MATIBABU

Yako mambo mawili ambayo hakuna ujuzi unaoyafanya yawe salama. La kwanza ni kukata kilimi cha mtoto mwenye kikohozi. Kilimi hakileti kikohozi. Kukikata kunaleta damu, pepopunda na mtoto kushindwa kumeza.

La pili ni kukeketa wasichana. Najua tumekaa hapa watu wa desturi mbalimbali, na sitamvunjia mtu heshima. Lakini siku hizi nasikia, "Sisi tunampeleka kwa nesi, ana ganzi na wembe mpya." Wembe mpya haugeuzi jambo. Sheria ya mwaka 2011 inakataza kabisa, hata kwa mganga mwenye leseni, na kukubali kwa msichana au mzazi si utetezi mahakamani. Adhabu haipungui miaka 3 jela au faini ya shilingi 200,000, na akifa msichana inaweza kuwa kifungo cha maisha. Nesi anayekubali anavunja sheria na kiapo chake kwa pamoja.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Kwanza, mtibuni mgonjwa. Ugomvi ungoje. Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, hata kama mmegombana na hospitali, hata kama hamna pesa.

Pili, shikeni karatasi: kadi, risiti, majina ya dawa, jina la aliyepasua, tarehe na saa. Simu zenu zina kamera, pigeni picha ya kidonda kila siku. Ombeni nakala ya rekodi za matibabu.

Tatu, muoneni msimamizi wa kituo, kwa barua. Sheria ile ya 2017 inampa kila mtu haki ya kulalamika na malalamiko yake kuchunguzwa. Msiporidhika, andikieni baraza linalohusika: daktari ana Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, afisa wa kliniki ana lake, muuguzi ana lake, na wenye maduka ya dawa wako chini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Kama mnakwenda mahakamani, msichelewe. Kwa kawaida muda wa kudai fidia ni miaka 3, na dhidi ya Serikali ni miezi 12. Wengi huja kwa wakili mwaka wa tano wakiwa na haki yote na muda umekwisha.

Nne, msimpige mganga. Muuguzi akipigwa Jumatatu, Jumanne hakuna wa kumpokea mtoto wa jirani.

MASWALI

Mama mmoja: Daktari akikasirika nikimwuliza maswali yote haya?

Jibu: Mwulize kwa upole, kama unavyomwuliza mkwe. Mganga mzuri hujibu, maana maswali yako yanamlinda hata yeye. Anayekasirika kwa kuulizwa kama ana leseni, basi amekwisha kukujibu.

Mhudumu wa afya: Tuliweka sahihi kwamba hospitali isilaumiwe kwa lolote. Je, bado tunaweza kulalamika?

Jibu: Ndiyo. Sahihi yako inakubali operesheni na zile hatari ulizoelezwa. Haimpi mtu ruhusa ya kuwa mzembe.

Mzee mmoja: Sisi mambo haya tunayamaliza kwa maslaha. Wazee wanakaa, familia inalipwa, maneno yanakwisha. Kuna ubaya gani?

Jibu: Mzee wangu, kupatana ni kuzuri, na fidia huisaidia familia. Lakini maslaha haifungi kliniki wala haimfundishi aliyekosea. Mkishapokea ngamia, kesho mtoto mwingine analazwa kwenye meza ile ile, na mizani bado haipo. Pataneni mkitaka, lakini barua kwa baraza iende.

Mama wa pili: Na wewe, ile kliniki yako ya Desemba, ulishtakiwa?

Jibu: Hapana, mama. Yule mzee alinisamehe, akasema ni majaaliwa. Lakini kuanzia siku ile sikumruhusu mtoto kuondoka kabla mama yake hajaulizwa, na kabla sijajua atalala wapi. Kama nilishtakiwa, basi ni kwa lile swali la mama yake. Bado ninalijibu.